Ocha si Stoo: Venye Tulipunguza Vitu Nyumbani Bila Kukosana na Mama

Wacha nianze kwa kukubali makosa. Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa najiona mtu wa nyumba safi. Nyumba yangu hapa Section 58 Nakuru ukiingia unaona kochi, meza, zulia, basi, na wageni wakija wananisifu ati wewe kweli unajua kupanga. Chenye hawakujua ni kwamba kila Disemba tukienda nyumbani Luanda, kule Vihiga, buti ya gari ilikuwa inafungwa na kamba. Maikrowevu imekufa, peleka ocha, yaani kule kijijini. Kitanda cha mtoto, peleka ocha. Mapazia ya nyumba tuliyohama, vitabu vya darasa la nne, viatu vya kisigino kimoja, godoro lenye limeingia shimo katikati, vyote vinapita Kericho vinateremka Ahero vinapita Kisumu na Maseno, kilomita 200 na kitu, kwenda kuozea kwa mtu mwingine. Na ndugu zangu, dada yuko Kisumu na kaka yuko Eldoret, walikuwa wanafanya hivyo hivyo, kila mtu akidhani ni yeye peke yake.

Disemba ya juzi tulifika saa nne usiku na mvua, nikafungua chumba cha wageni nilaze watoto, kitanda hakionekani. Si ati kimejaa nguo, hakionekani kabisa. Nikaingia kwa chumba cha mama nikapata analala katikati ya friji mbili zisizofanya kazi na moja ni yangu, niliijua kwa stika za watoto kwa mlango. Nikamuuliza, mama, mbona hukusema? Akaniambia, "Nisemeje, mama, na ni vitu vyenu." (Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.)

Sikulala vizuri. Kumbe miaka yote hiyo sikuwa nimepunguza kitu hata kimoja, nilikuwa nahamisha tu.

Tulichukua siku tano kumaliza. Hapa naandika venye tulienda na penye tulikosea, kwa mtu yeyote mwenye ako na nyumba kama hiyo, iwe ni bedsita ya Kaptembwa hapa Nakuru ama ni boma la wazazi.

Kwanza, ni za nani?

Usianze na swali la "hii tunatupa ama tunaweka". Hilo ndilo swali linaleta vita. Anza na "hii ni ya nani". Sisi tulitoa kila kitu cha chumba cha wageni tukakiweka kwa veranda, nikapiga picha moja moja nikatuma kwa grupu ya familia ya WhatsApp, na chini naandika: mwenye hii aseme kabla ya Jumapili jioni, akinyamaza inatoka. Wacha nikuambie, mtu mwenye hajaulizia kitanda kwa miaka sita ghafla anakumbuka kitanda. Sawa, kichukue basi, lakini unakuja kukibeba mwenyewe na tarehe unasema leo. Kaka yangu alisema ataenda na spika zake "mwezi wa pili". Tukakataa. Zikatoka.

Tulipomaliza kutoa vyetu sisi watoto, nusu ya nyumba ilikuwa imeshafunguka na hatujagusa kijiko cha mama. Hii nataka uishike sana. Ukienda kwa mzazi ukaanza kumwambia nyumba yako imejaa takataka na ukitazama vizuri takataka nyingi ni zako, hapo umekosa adabu na pia umekosa hesabu.

Vya mzazi, yeye ndiye anachagua. Wewe kazi yako ni kubeba, kupangusa na kuuliza. Akisema inabaki, inabaki, hata kama ni mtungi umetoboka. Atakuja kuutoa mwenyewe siku ya tatu, nimeona.

Anza na vitu bubu

Kuna vitu vina hadithi na kuna vitu bubu. Vitu bubu ni vile ukivishika hakuna mtu anasema "ah, unakumbuka hii". Hivyo ndivyo vya kwanza, vinakupa nafasi na mkono unazoea kazi, kwa sababu ukianza na albamu ya picha siku ya kwanza saa tatu asubuhi, itafika jioni mko wote kwa kochi mnalia na mnacheka na hakuna kitu kimetoka.

Kwetu vitu bubu vilikuwa hivi. Mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mama alikuwa ameijaza ndani ya mifuko mingine ya plastiki na kuisukuma nyuma ya kabati kama dhahabu. Waya na chaja za simu zenye hakuna mtu anamiliki tena. Dawa zilizopitwa na wakati, na hizi tafadhali usimwage chooni wala usiache kwa shimo la taka penye watoto na kuku wanachakura, uliza duka la dawa ama zahanati iliyo karibu kama watazipokea. Rimoti saba na hakuna TV ya hata moja. Jerikeni zilizopasuka. Fulana za kampeni, na huku kwetu kila uchaguzi mtu anapata kama nne hivi, hizo zilikuwa matambara mazuri ya kupangusa kazi yote iliyobaki.

TV ya mgongo, ile kubwa nzito, ilitusumbua. Inaweza kuwaka bado ukiifunga na dikoda, lakini stima inakula na hakuna mtu anaitaka. Usiivunje ujaribu kutoa shaba ndani, kioo chake kina madini ya risasi, na hicho si kitu cha kuchezea kwa uwanja penye watoto. Tulimpa fundi wa redio pale sokoni, yeye anatoa vipuri.

Na mikebe. Mama alikuwa na mikebe ya mafuta ya kupikia, Kimbo na Kasuku, zaidi ya thelathini, mingine imeshika kutu. Hapa ndipo nilijiona nimekuwa mtaalamu, nikaifagia yote kwa gunia bila kuuliza kwa sababu nani ana hadithi na mkebe wa Kimbo? Weka hapo, nitarudi.

Karatasi: polepole, na usichome kitu

Kuna watu wanapenda kuwasha moto siku ya kwanza. Usiwashe. Karatasi za wazee wetu hazina faili, titili ya shamba inaweza kuwa ndani ya gazeti ndani ya mkoba ndani ya godoro. Toa kila karatasi, fungua kila bahasha, pitia kila kitabu kwa kukishika mgongo na kukipukusa chini.

Zenye hazitoki kwa nyumba hata kwa bahati mbaya ni titili, matokeo ya sachi ya ofisi ya ardhi, na yale mapatano ya kuuziana shamba. Haya mapatano watu wanayadharau juu yameandikwa kwa karatasi ya ekseesaisi na kalamu ya buluu, mashahidi wameweka dole gumba, wengine wamekufa. Mwanasheria akija kuulizia mpaka wa shamba miaka 20 baadaye ndio utajua thamani ya hiyo karatasi. Titili yenyewe ukiipoteza kuna kiapo, kuna tangazo kwa Gazeti la serikali na kungoja siku 60 kabla upewe nyingine, na hiyo ni kama mwenye jina bado yuko hai. Cheti cha kifo, cha ndoa, vya kuzaliwa, vya shule, logibuku ya gari, hivyo vyote pamoja.

Halafu tafuta karatasi za hisa. Watu wengi sana walinunua za KenGen 2006 na za Safaricom 2008, ile wakati hata watu wa kijijini walikuwa wanaenda foleni, wakapata hisa chache wakasahau. Hisa haziozi. Kama mzazi amehama namba ya simu na anwani, gawio lake linaweza kuwa limepelekwa kwa mamlaka ya serikali inayoshika mali ya fedha isiyodaiwa, UFAA, na unaweza kutafuta kwa tovuti yao ukitumia namba ya kitambulisho. Vitabu vya benki ya posta pia usitupe kabla uulize.

Zenye zinaweza kwenda: bili za stima za kale, risiti za vitu vilivyokufa, kadi za NHIF, ile bima ya afya ya zamani, kwa sababu sasa ni SHA tangu Oktoba 2024. Kama uko na biashara, rekodi za ushuru weka miaka 5. Risiti za karo weka mpaka mtoto achukue cheti mkononi, hapo sitasema mengi.

Vitabu vya 8-4-4, ule mfumo wa elimu tuliosomea, vilitupa kazi. KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilikuwa 2023, kwa hivyo zile rundo za marudio ya darasa la nane hakuna mtoto anazihitaji. Kamusi, atlasi na vitabu vya hadithi vilienda shule ya jirani. Ekseesaisi zilichukuliwa na mama wa njugu afungie. Lakini kabla ya kumpa mama wa njugu toa kila ukurasa wenye jina kamili na namba ya kitambulisho ama ya akaunti, nasema hivi kwa sababu niliwahi kununua njugu za kumi pale stendi Nakuru nikazikuta zimefungwa kwa peisilipu ya mtu, na mshahara wake nikaujua, na makato yake, nikamhurumia.

Ndani ya kitabu cha nyimbo cha mama tulipata noti tatu za elfu moja. Watoto wakapiga kelele. Mama akanyamaza. Zilikuwa za zamani, zile zilizoacha kutumika tarehe 30 Septemba 2019. Alikuwa ameziweka za harambee ya kanisa, akasahau ameziweka wapi, na wakati redio inatangaza watu wabadilishe yeye alijua hana noti za elfu. Elfu tatu imekufa hapo. Alizirudisha palepale kwa ukurasa uleule, na hakuna mtu alisema kitu. Lakini wewe ukipata zile za 50, 100, 200 na 500 za toleo la kabla ya 2019 usilie, hizo hazikuondolewa, zinanunua mkate kama kawaida.

Karatasi zenye zimebaki usizirudishe kwa katoni kwa sakafu. Mchwa wa huku anamaliza katoni kwa wiki mbili na anakuachia gamba la nje usimame ukidhani iko sawa. Tumia sanduku la bati, lile la shule ya bweni, liinue kwa matofali, na mara mbili kwa mwaka lifungue lipate hewa siku ya jua. Dada yangu wa Kisumu analia na unyevu, na wale sami, wadudu wadogo wa ziwani, wakija usiku kwa taa wanaingia mpaka kwa mikunjo ya mapazia, kwa hivyo yeye karatasi anaweka kwa ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana.

Vyombo vya wageni

Kila nyumba ya kwetu iko na kabati ya kioo, na ndani iko seti ya wageni yenye hakuna mgeni amewahi kustahili. Ya mama ni glasi 12 na birika, zawadi ya harusi, na kwa hesabu yake zimetumika mara tatu. Mimi nilikuwa nataka tuziuze. Nikauliza zilitumika lini. Akahesabu: mara ya kwanza ubatizo wa kaka, mara ya pili watu walipoleta mahari ya dada, mara ya tatu hasemi, lakini nilijua ni wakati wa matanga ya baba.

Tukaamua zitoke kabatini ziende mezani. Asubuhi ya kwanza mtoto wangu akavunja moja. Kila mtu akasimama. Mama akaokota vigae akasema, "Hii ilikuwa imechelewa sana."

Ushauri wangu hapo ni mfupi, kama ni nzuri itumike, kama hutaki itumike mpe mwenye ataitumia. Vitambaa vya viti pia, zile za kushona na krosheti, chagua seti moja uiweke kwa kochi, seti zingine nane wape mabinti na wake za watoto, lakini mwambie aliyeshona awagawie yeye mwenyewe. Mama aligawa kama anatoa shamba.

Nguo za marehemu

Hii sehemu fanya asubuhi. Usifungue sanduku la marehemu jioni umechoka na una njaa, na usifungue peke yako. Harufu ni kitu kingine, inafika sehemu ya ubongo ya hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko kuona na kusikia, ndio maana unaweza kuangalia picha ya mtu kila siku ukiwa sawa halafu unanusa kola ya shati lake unaanguka.

Kwetu nguo za baba ziligawanywa mbele ya jamaa baada ya mazishi, venye desturi iko, lakini koti moja lilibaki kwa sababu kaka yangu alikuwa bado mdogo. Lilikuwa chini ya sanduku na vidonge vya nondo. Tulipolitoa, ilikuja ile harufu ya nondo kwanza, halafu nyuma yake, kidogo sana, chaki. Baba alikuwa mwalimu. Dada yangu alitoka nje akaenda kusimama kwa migomba.

Sasa makosa yetu. Shemeji, kwa roho safi, akaona koti limekaa vibaya akalianika kwa jua na baadaye akalifua na sabuni ya unga. Kaka alifika kutoka Eldoret jioni akapata koti safi linanukia maua. Hakusema neno lakini alilinusa mahali pote, kwapani, mfukoni, hakukuwa na kitu. Kwa hivyo tafadhali, usifue wala usianike kitu cha marehemu kabla kila mwenye anataka kukinusa afike. Kama ni lazima kingoje, kifunge kwa mfuko safi mkavu usiopitisha hewa.

Na usigawe kabla ya kuuliza wakubwa. Tulipigia senge, dada ya baba, simu, akatuambia hilo koti ni la kijana, haliuzwi hata likitoboka, na likimkaa dogo asilikate, amwekee mtoto wake. Hapo mjadala uliisha. Ningeshindana na kaka siku mbili kwa kitu chenye senge alimaliza kwa dakika moja.

Vijitabu vya mazishi, vile vya picha ya marehemu na historia ya maisha, tulikuwa navyo labda mia. Sikuwa najua vina faida gani mpaka nikavisoma. Ndani yake kuna majina ya watoto wote, nyumba zote, alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, yaani ukoo wote umeandikwa pale bila mtu kujua anaandika historia. Weka kimoja cha kila mtu, panga kwa mwaka. Nakala za pili na tatu ndizo za kutoa. Fulana zenye picha ya marehemu ni ngumu zaidi, hakuna mtu anataka kupangusa meza na sura ya mjomba. Mama alikata ile sehemu ya picha akaweka, kitambaa kingine kikaenda kwa matambara.

Baiskeli

Nyuma ya jiko kulikuwa na Black Mamba ya baba. Tairi zimeisha, fremu imeliwa na kutu, kuku analala hapo. Mtu wa chuma akaja akaipima kwa macho. Mimi nilikuwa nimesoma mahali ati kama kitu ni kikubwa, weka kipande kidogo cha ukumbusho na kingine uachilie, nikaona hiyo ni akili sana, nikafungua kengele na spana nikampelekea mama kwa furaha: mama, hii tunaweka, hiyo ingine iende.

Akaiangalia. Akasema hiyo kengele baba yako alinunua juzi juzi kabla afe, ile ya kwanza iliibiwa. "Mimi nataka keria."

Keria? Ile chuma ya nyuma ya kubebea? Ndiyo hiyo. Akaniambia usiku wa kunizaa hakukuwa na gari, alibebwa kwa hiyo keria mpaka hospitali, baba anasukuma na tochi mdomoni, na yeye ameshika chuma hizo mbili za pembeni na kila shimo la barabara anaijua mpaka leo. Mimi nina miaka 41 na sijawahi kuambiwa hiyo. Nimepita hiyo baiskeli mara elfu nikienda chooni.

Ndio maana nasema uliza. Si kwa sababu ya adabu tu, ni kwa sababu hujui kumbukumbu imekaa wapi kwa hicho kitu, na mwenye anajua akienda, hata ukiweka baiskeli nzima utakuwa umeweka chuma. Tulichukua simu tukamrekodi kila akishika kitu, dakika moja dakika mbili, sauti tu, tukaita faili jina la kitu. Kuna faili inaitwa "keria". Kuna ingine inaitwa "betri ya gari", hiyo ni ya ile TV nyeusi na nyeupe ya kabla ya stima, tulikuwa tunabeba betri kwa toroli kwenda kuchajiwa sokoni ili tuone habari, na mama anaeleza venye jirani wote walikuwa wanakuja na stuli zao.

Keria iko jikoni sasa, imepigiliwa ukutani, inakaliwa na sufuria.

Picha

Siku ya mwisho ndio picha, na mzazi akae katikati. Kabla ya kutoa picha yoyote kwa albamu, piga picha ukurasa mzima na simu, kwa sababu mpangilio wenyewe unasema kitu, nani alikaa karibu na nani. Zile albamu za gundi na nailoni juu zinashika picha vibaya, usivute. Chukua uzi mwembamba, hata wa kushonea, upitishe nyuma ya picha polepole kama unakata ugali na uzi. Ikikataa, iache hapo hapo.

Piga karibu na dirisha, si juani, zima taa ya simu, shika simu sawasawa juu ya picha. Geuza nyuma pia uipige, studio nyingi za zamani zilikuwa zinaweka muhuri na tarehe. Majina andika na penseli laini, si biro, na kama ni ile picha ya rangi ambayo mgongo wake ni kama plastiki penseli itateleza, basi weka kwa bahasha na uandike kwa bahasha kabla ya kuiingiza. Halafu nakala zikae mahali pawili, simu peke yake si mahali, simu inaibiwa.

Picha za mtu hakuna anayemjua, za jengo, za mgongo wa mtu, za kidole, hizo zinaweza kwenda. Negativu weka, hazichukui nafasi.

Kanda za video ya harusi tafuta studio yenye bado iko na mashine ya kuhamisha kwa flashi, usichelewe kwa sababu kanda inachakaa hata ikikaa bure, na ukiona ukungu mweupe ndani usiiweke kwa mashine, mwambie fundi kwanza.

Zinaenda wapi sasa

Hapa harakaharaka. Nguo nzuri kanisa na jamaa, sare za shule toa Disemba kabla ya wazazi kununua. Nguo chakavu na viatu, mngoje mtu wa malimali apite, anabadilisha na beseni, ingawa ukweli ni kwamba unarudisha vitu ndani ya nyumba tena kwa hivyo chukua beseni moja tu bana. Vyombo na fanicha zenye bado ziko sawa dada yangu aliuza Kibuye, soko la Kisumu, Jumapili, siku ambayo soko limejaa, usipeleke Jumanne ukae na kabati yako kwa jua. Chuma pima kwanza nyumbani kama una mizani, sisi yule wa kwanza alitupimia na mizani yenye sindano ilikuwa imechoka kuliko mimi. Pia usishangae mnunuzi akiuliza chuma imetoka wapi, tangu 2022 serikali iliposimamisha hiyo biashara miezi kadhaa juu ya wizi wa nyaya za stima wengi wamekuwa waangalifu. Betri za gari ziende kwa mnunuzi wa betri zikiwa wima, asidi isimwagike.

Na huku Nakuru, sheria imekuwa moja kwa nyumba yangu. Kitu kikiharibika kinatafutiwa mwenyewe hapa hapa mjini ndani ya wiki mbili. Hakipandi gari. Disemba tukienda buti iko na unga, sukari, mafuta na nguo zetu, na kurudi inajaa ndizi.

Sasa ule mkebe. Wiki tatu baada ya sisi kuondoka mama alinipigia, wanunuzi wa mahindi wamekuja bomani na hana gorogoro. Ile yake ya kupimia, ya miaka na miaka, ilikuwa ndani ya lile gunia langu la mikebe. Nikaona aibu. Nikaenda sokoni Nakuru nikanunua mkebe wa kilo mbili kwa mama mmoja wa nafaka, nikaufunga vizuri na gazeti, nikauweka kwa matatu ya Kisumu, dada akaupokea akaupeleka Luanda.

Jioni simu ikalia. Sijasema hata haloo.

"Mama, hii kitako chake kimesukumwa ndani. Ni nani alikuuzia?"